Mama Mkwe Kahamia Kwetu, Lakini Kila Jioni Anataka Kwao

Saa kumi na mbili jioni ikifika, mama mkwe wangu hujitanda khanga, hushika kikapu chake na kwenda kusimama getini. "Nifungulie mwanangu. Nimekaa vya kutosha, nataka kwetu."

Wiki ya kwanza nilimjibu kwa upole, "Mama, hapa ndio kwako." Wiki ya pili nikamjibu kwa sauti ya juu. Wiki ya tatu nilijifungia chooni nikalia.

Mama ana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tangu baba mkwe afariki alikuwa akiishi peke yake Pangani. Majirani wakaanza kutupigia simu: mara kaacha jiko linawaka, mara kakutwa usiku anatembea kuelekea mtoni. Wengine wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi. Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, hatuna jinsi, tumlete Dar." Nikasema sawa. Hatukuongea zaidi ya hapo, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

TULIPOKOSEA

Tulimwambia anakuja kutembea wiki mbili tu. Tulidhani atasahau. Kumbe mtu wa aina hii anaweza kusahau alichokula asubuhi, lakini hofu ikabaki naye mchana kutwa.

Halafu tukamwandalia chumba: kitanda kipya, mapazia mapya, rangi mpya ukutani. Kwa mgeni hiyo ni heshima. Kwa mama kilikuwa chumba cha watu wasiojulikana, na hakumbuki amefikaje humo.

Lakini linaloniuma hadi leo ni hili. Alipomuulizia mumewe, nilimwambia ukweli, "Baba alishafariki, mama." Akalia kama ndio anasikia mara ya kwanza. Siku mbili baadaye akauliza tena, nikajibu vilevile. Yaani ndani ya wiki moja nilimpa msiba ule ule mara tatu, nikiamini namsaidia kukumbuka!

NDOA NAYO IKATIKISIKA

Mume wangu alikuwa anarudi saa tatu usiku, anamkuta mama kalala. "Mbona yuko sawa tu?" anauliza, na mimi niko hoi. Usiku mmoja nikashindwa kuvumilia: "Huyu ni mama yako. Wewe umemleta, lakini mimi ndio namlea!" Naye akanijibu eti sijawahi kumpenda mama yake. Tulilala mzungu wa nne siku ile, na kadhaa zilizofuata.

Kilichotuokoa ni siku tuliyokwenda hospitali wote watatu. Daktari alianza na vipimo vya damu na mkojo, maana maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo vinaweza pia kumvuruga mzee akili, na hivyo vina dawa. Baada ya hapo akatueleza kuwa dimensia si uzee wa kawaida wala si kurogwa, na kwamba aina inayowapata wengi ni Alzheimer. Bado haina tiba ya kuiponya. Na hatuko peke yetu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Nikamuuliza kuhusu kisa cha getini. Akasema wagonjwa wengi huhangaika zaidi jua linapozama. "Na akisema 'kwetu', huenda hasemi nyumba. Anakuambia anaogopa. Usibishane naye, mtulize."

TULICHOBADILISHA

Mume wangu alikwenda Pangani akarudi na kitanda cha mama, mkeka wake, redio yake na picha ya harusi yao. Vile vipya vikatolewa. Taa ya korido sasa inawaka usiku kucha ili aone njia ya chooni. Chai, kuoga na chakula vina saa zake, hata Jumapili.

Tukamnunulia pia ukindu. Jina langu linampotea, lakini vidole vyake vinasuka ukili bila kukosea. Mambo ambayo mikono imeyazoea kwa miaka mingi huchelewa kupotea. Akiwa na ukili wake, hata mimi napata nafasi ya kunywa chai ikiwa ya moto.

Akimuulizia baba, simpi tena taarifa ya msiba. Namwambia, "Umemkumbuka, eeh? Hebu niambie, alikuposaje?" Basi hapo tutacheka mpaka chakula kiive.

Na kazi tumegawana kwenye karatasi. Mume wangu anawahi kurudi siku tatu kwa wiki, na Jumamosi nzima ni zamu yake. Wifi yangu aliyeko Arusha anatuma hela kila mwezi. Dada wa kazi tumemwongezea mshahara na tumemfundisha, maana naye ni mlezi.

Getini bado anakwenda. Siku hizi mume wangu anampokea kikapu, wanatoka, wanatembea polepole mpaka dukani kwenye kona, halafu wanarudi. "Tumefika?" mama huuliza. "Tumefika, mama. Karibu ndani." Siku nyingine inasaidia, siku nyingine tunazunguka mara mbili.

Kama wewe na mwenzi wako mnafikiria kumhamishia mzazi nyumbani kwenu, msianze na kitanda wala rangi ya chumba. Kaeni chini muulizane: saa kumi na mbili jioni, nani atakuwa naye getini? Mkipata jibu mnaloliridhia wote wawili, nendeni mkamchukue.