Habari za Atomu, na Gunia la Mbolea la Irente

Mtu asimamaye juu ya jabali la Irente, karibu na Lushoto, huona nchi tambarare ya Mazinde chini ya miguu yake, na mashamba ya mkonge, na njia ya reli ipitayo bondeni. Akigeuka nyuma huona mashamba ya viazi, kabichi na maharage yaliyoning'inia katika miteremko, na udongo mwekundu kila mahali. Na katika njia ya kupanda huko, si ajabu kukutana na mkulima amejitwika gunia la mbolea la kilo 50, jasho likimtoka. Ametoa fedha yake kwa gunia lile. Juu yake pameandikwa herufi N, P na K, na tarakimu kadha wa kadha. Je, ajua amenunua nini?

Wengi hudhani kuwa P ni potasiamu, kwa sababu jina hilo huanza na P. Sivyo. P ni fosforasi, na potasiamu ni K, kutokana na jina lake la zamani la Kilatini, kaliamu. Mtu akikosea hapo hununua dawa isiyo ya ugonjwa wake. Lakini kujua herufi peke yake hakutoshi. Yafaa tujue vitu hivi ni vitu gani hasa, na kwa ajili hiyo itatupasa kuanza mbali kidogo.

Twaa jembe la chuma, ulikate vipande viwili, kisha kipande kimoja ukikate tena, na tena. Kama ungekuwa na kisu kikali kupita visu vyote, mwisho ungefikia chembe moja ambayo ukiipasua haiwi chuma tena. Chembe hiyo ndiyo atomu. Ni ndogo mno: atomu za chuma milioni 4 zikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni kama milimeta 1 tu.

Zamani wenye elimu walidhani atomu ni kitu kigumu kama gololi, kisicho na kitu ndani. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Manchester, alionyesha kuwa sivyo. Wasaidizi wake, Geiger na Marsden, walikuwa wametupa chembe ndogo sana zenye mwendo mkali juu ya karatasi nyembamba ya dhahabu. Karibu zote zilipenya, kana kwamba hapana kitu mbele yao. Lakini chache zilirudi nyuma, kama jiwe lililogonga mwamba. Basi Rutherford akasema: atomu, sehemu yake kubwa ni uwazi mtupu, na uzito wake umekusanyika katikati, katika kiini kidogo sana.

Ukitaka mfano, weka harage moja katikati ya kiwanja cha mpira. Harage hilo liwe ndilo kiini. Atomu yenyewe itaenea pande zote kupita milingoti ya magoli, hata nje ya kiwanja. Katika nafasi hiyo yote zimo elektroni, chembe nyepesi mno zenye umeme wa hasi. (Husemwa kuwa elektroni huzunguka kiini kama nyuki wazungukavyo mzinga. Wataalamu wa leo husema ni kama wingu kuliko nyuki. Lakini mfano wa nyuki watutosha.) Ndani ya kiini mna chembe za namba mbili: protoni, zenye umeme wa chanya, na nyutroni, zisizo na umeme, ambazo James Chadwick alizivumbua mwaka 1932. Atomu ikiwa katika hali yake ya kawaida, idadi ya elektroni ni sawasawa na idadi ya protoni.

Sasa sikilizeni neno hili, kwa maana ndilo msingi wa yote: kinachofanya chuma kuwa chuma ni idadi ya protoni zake tu. Chuma ina 26. Alumini ina 13. Silikoni, ambayo pamoja na oksijeni ndiyo mwili wa mchanga, ina 14. Baina ya sufuria na mchanga, basi, pana tofauti ya protoni moja! Jambo hili lilithibitishwa na kijana Mwingereza, Henry Moseley, mwaka 1913. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, naye ana umri wa miaka 27 tu. Hasara kubwa.

Elektroni nazo hazikai ovyo. Hukaa matabaka kwa matabaka, kama maganda ya kitunguu. Tabaka la ndani hutosha elektroni 2, na la pili 8. Sodiamu ina elektroni 11. Basi 2, na 8, na 1 iliyobaki peke yake nje. Potasiamu ina 19: 2, na 8, na 8, na tena 1 peke yake nje. Elektroni hii ya pekee haishikwi kwa nguvu. Sodiamu na potasiamu ziko tayari sikuzote kuitoa. Klorini ina 17, yaani 2, 8 na 7. Yenyewe yapungukiwa moja, nayo ina uchu wa kuipata. Sodiamu peke yake ni madini laini iwakayo ikiguswa na maji. Klorini peke yake ni hewa ya sumu, iliyotumika vitani Ypres mwaka 1915. Sodiamu ikimpa klorini elektroni yake, yatokea chumvi tuliayo kila siku.

Jedwali la elementi ni orodha ya vitu hivi vyote, vilivyopangwa kwa idadi ya protoni. Leo vimo 118. Mstari wa kulala husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila hatua protoni moja. Lakini siri imo katika safu za kusimama: waliomo katika safu moja wana elektroni za nje zilizo sawa kwa idadi, na kwa hiyo tabia zao zafanana kama ndugu. Potasiamu iko chini ya sodiamu. Kalsiamu iko chini ya magnesiamu. Ukimjua ndugu mmoja, wengine umekwisha kuwajua nusu.

Mrusi Dmitri Mendeleev alitoa jedwali lake mwaka 1869, wakati ambapo habari za protoni hazijajulikana kabisa, wala za elektroni. Alipanga kwa uzito na tabia, na mahali palipopungua mtu aliacha nafasi wazi. Chini ya alumini aliacha nafasi moja, akatabiri kuwa huyo asiyeonekana atakuwa na uzito wa kadiri ya mara 6 ya uzito wa maji. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaiona elementi hiyo, akaiita galiamu. Alipoipima alipata 4.7. Mendeleev, ambaye hajapata kuiona wala kuigusa, alimwandikia kuwa amekosea, asafishe vizuri apime tena. Akapima tena: ikawa 5.9. Sijui hadithi nyingine ya elimu inipendezayo kama hiyo.

Na jambo hilo si la Ulaya peke yake. Katika Milima ya Usambara, upande wa Magamba, juu ya Lushoto, umo udongo uitwao boksiti, wenye alumini nyingi. Ulimwenguni galiamu nyingi hupatikana katika kusafisha boksiti, kwa kuwa galiamu hujificha ndani ya ndugu yake wa safu moja. Lakini kwa nini alumini ikusanyike katika milima hii? Hapo ndipo tunaporudi kwa mkulima wetu.

Mvua ya Usambara imenyesha juu ya mawe haya kwa muda mrefu kupita kuhesabika. Maji hayachukui vitu vyote sawasawa. Sodiamu na potasiamu, za safu ya kwanza, zikikwisha kutoa elektroni moja zashikwa na udongo kwa nguvu kidogo tu, nazo hupelekwa na maji upesi. Magnesiamu na kalsiamu, za safu ya pili, hutoa elektroni mbili. Hukawia kidogo, kisha nazo huenda. Zateremka kwa mto wa Soni mpaka Mombo, na mwisho Pangani hata baharini. Alumini hutoa tatu, ikashikana na oksijeni kwa nguvu nyingi, wala haiendi. Chuma nayo hubaki. Wekundu wa udongo wa Irente na kutu ya jembe lililosahauliwa mvuani ni jamaa moja: chuma iliyoshikana na oksijeni. (Jirani zetu wa Upare, hasa ukoo wa Washana, walijua tangu zamani kuyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe, pasipo jedwali lolote.)

Basi yaliyo chakula cha mimea yameondoka, na yaliyobaki ni alumini na chuma. Udongo huwa mkali. Ukali ukizidi, alumini huanza kuyeyuka katika maji ya udongo na kuumiza mizizi, ikawa mifupi na minene. Tena alumini na chuma huikamata fosforasi, hata mkulima akiitia shambani sehemu kubwa hufungwa kabla mmea haujaipata. Mtu husema, “Mbolea hii ni mbovu,” kumbe mbolea ni njema, ila imeporwa njiani.

Ndiyo sababu majivu ya jikoni yakitiwa bustanini hufaa: yana potasiamu na kalsiamu, yaani vitu vile vile ambavyo mvua imevichukua. Wazee walifanya hivyo bila kuambiwa na mtu.

Sasa tulifungue gunia. Katika kila nyumba ya jedwali, pamoja na idadi ya protoni, huandikwa uzito wa atomu. Hidrojeni ni 1, kaboni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16, salfa 32. Yurea imefanywa kwa kaboni moja, oksijeni moja, naitrojeni mbili na hidrojeni nne. Jumlisha: 12, na 16, na 28, na 4, jumla 60. Naitrojeni ni 28 katika 60, yaani karibu 46 katika kila 100. Tazama gunia la yurea: limeandikwa 46. Hesabu ya kalamu na karatasi imelingana na maandishi ya kiwanda.

Mbolea iitwayo SA ina naitrojeni mbili, hidrojeni nane, salfa moja na oksijeni nne: 28, na 8, na 32, na 64, jumla 132. Naitrojeni ni 28 katika 132, yaani 21 katika 100. Basi gunia la kilo 50 la yurea lina naitrojeni kilo 23, na gunia kama hilo la SA lina kilo 10 na nusu. Kama ni naitrojeni tu unayoitaka, magunia mawili ya SA hayafikii gunia moja la yurea, na bei yapasa kupimwa kwa hesabu hiyo, si kwa ukubwa wa gunia. SA ina salfa, ambayo mimea huihitaji. Lakini huzidisha ukali wa udongo kuliko yurea, na udongo wa Irente una ukali wa kutosha.

Dawa ya ukali ni chokaa. Mawe ya chokaa yapo kwetu Tanga. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji katika mawe hayo hayo. Yakisagwa na kutiwa shambani, ukali hupungua, alumini hutulia, na kalsiamu hushika mahali pake. Mawe hayo yakiwa safi ni kalsiamu moja, kaboni moja na oksijeni tatu. Kalsiamu ni 40. Wanafunzi walio na kalamu na wajumlishe, waone katika kilo 100 za mawe ya chokaa mna kilo ngapi za kalsiamu. Tarakimu zake zimepangika vizuri, hata mtoto wa darasa la chini ataiweza hesabu hiyo.