Uvimbe wa ubongo: Mashine inayochungulia bila kisu

Kuambiwa una uvimbe kichwani ni habari ya kutisha, na wengi huanza kuwaza kifo papo hapo. Lakini si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Viini vya kifua kikuu vinaweza kuingia ubongoni na kusababisha uvimbe. Aliye na virusi vya Ukimwi anaweza pia kupata uvimbe unaoletwa na viini vya toksoplasma. Aina hizi mbili hutibiwa kwa dawa, ilhali saratani mara nyingi huhitaji upasuaji na tiba ya miale.

Shida ni kwamba picha ya kawaida ya MRI huonyesha umbo la uvimbe na mahali ulipo, na wakati mwingine saratani na kifua kikuu hufanana. Hapo ndipo uchunguzi uitwao spektroskopia husaidia. Hutumia mashine ile ile ya MRI, bora tu iwe imewekewa programu yake.

Hufanya kazi vipi? Unalala ndani ya sumaku kubwa, kisha mawimbi ya redio yanaelekezwa kichwani. Kila kemikali ya ubongo hujibu kwa namna yake, mfano wa stesheni mbalimbali za redio. Kompyuta huchora majibu hayo kama mstari wenye vilele.

Daktari huangalia vilele vichache. Cha NAA hutokana na chembechembe za neva zenye afya. Kikishuka, neva zimeharibika. Cha kolini kikipanda sana, huenda chembechembe zinazaana upesi, kama ilivyo katika saratani. Uvimbe wa kifua kikuu kwa kawaida huwa na kilele kirefu cha mafuta. Hata hivyo, saratani kali iliyooza katikati huonyesha mafuta pia, kwa hivyo kilele kimoja hakitoshi.

Ndiyo sababu uchunguzi huu hautoi hukumu ya mwisho. Huenda bado kipande cha uvimbe kikatolewa na kupimwa katika maabara. Lakini humwonyesha daktari mahali pa kukitoa, na baada ya tiba ya miale humsaidia kujua kama saratani imerudi au ni kovu tu.

Sumaku haina miale kama ya eksirei. Ila mweleze mhudumu mapema ikiwa una chuma mwilini au kifaa cha kuendesha moyo.

Je, kichwa kinakuuma zaidi asubuhi, unatapika, unaona kiwi, umepatwa na kifafa ukubwani au upande mmoja wa mwili unalegea? Usizunguke katika maduka ya dawa ya River Road ukinunua tembe za maumivu. Uwe waishi Kawangware, Kangemi au Lavington, nenda kliniki iliyo karibu na uombe barua ya kwenda kumwona mtaalamu, kwa mfano katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kisha muulize: uvimbe huu ni wa aina gani, na tutajuaje?