Mguu Bandia ni Shilingi Ngapi?

Swali la kwanza ambalo aliyekatwa mguu hutuuliza sisi mafundi wa viungo bandia, mara nyingi hata kidonda hakijapona sawasawa, ni hili: "Mguu mpya ni shilingi ngapi?" Ni swali la haki, na kila familia inastahili kujibiwa. Lakini anayetaja bei moja na kunyamaza hajajibu. Mguu bandia una sehemu nyingi, na haununuliwi mara moja. Tuutazame kipande kwa kipande, ndipo tutaona fedha ya biashara hii inakwenda wapi na kwa nini haiwafikii wengi.

Tuseme mguu umekatwa chini ya goti. Mguu bandia wake una sehemu tatu kuu. Chini kuna unyayo. Juu ya unyayo kuna bomba linaloshika nafasi ya muundi. Juu kabisa kuna kikombe tunachokiita soketi, ambamo kigutu huingia. Unyayo na bomba hutoka kiwandani. Soketi haiwezi kununuliwa dukani, kwa sababu hakuna vigutu viwili vinavyofanana. Fundi hukizungushia kigutu bandeji za plasta, hupata umbo lake, humimina jasi ndani ya umbo hilo, kisha huichonga kwa mkono. Huparua pale ambapo nyama inaweza kubeba uzito, na huongeza jasi pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Halafu hulainisha bamba la plastiki kwenye tanuri, hulivika juu ya jasi na kufyonza hewa ili lishike umbo. Soketi ikikosewa kwa milimita chache, ngozi huchubuka, kidonda hufunguka, na mguu huishia mvunguni mwa kitanda.

Mgawanyo huu, yaani vipuri vya kiwandani na kazi ya fundi, ndio uliolizaa soko la leo. Mwaka 1919 Ujerumani ilikuwa imejaa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza bila miguu au mikono. Mafundi waliokuwa wakichonga mguu mmoja mmoja hawakuweza kukidhi hitaji hilo. Mwaka huo Otto Bock alianzisha kampuni mjini Berlin iliyotengeneza vipuri kwa wingi, ili fundi yeyote avinunue na kuviunganisha. Leo Ottobock ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya biashara hii. Jina jingine kubwa ni Össur, kampuni iliyoanzishwa Iceland mwaka 1971 na Össur Kristinsson, fundi ambaye mwenyewe alitembea kwa mguu bandia, na iliyojulikana kwa soksi ya silikoni inayovaliwa kati ya ngozi na soketi.

Kwa waliokatwa juu ya goti, mwaka 1997 Ottobock ilitoa goti bandia liitwalo C-Leg, lenye kompyuta ndogo inayosoma mwendo wa mtu hatua kwa hatua na kulilegeza au kulikaza goti ili asianguke. Ni kifaa kizuri mno. Mguu wenye goti la aina hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani.

Nani hulipa fedha hizo? Nchini Ujerumani hulipa bima ya afya. Nchini Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali, huwapanga wagonjwa katika madaraja kuanzia 0 hadi 4 kwa kuangalia uwezo wao wa kutembea, na daraja ndilo huamua aina ya goti atakalolipiwa mtu. Kwa hiyo anayeuvaa mguu siye anayeununua. Mnunuzi ni bima. Kampuni nazo hubuni vifaa kwa kumtazama anayelipa. Hapo ndipo ilipo siri ya soko hili: halifuati hitaji, humfuata mlipaji. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti kuhusu vifaa saidizi vya kila aina. Ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wenye kuhitaji wanaovipata, ilhali katika baadhi ya nchi tajiri ni asilimia 90.

Bei ya vipuri imekwisha kupiganiwa, na vita hivyo vimezaa matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Kambodia iliyojaa mabomu ya kutegwa ardhini, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kutengeneza miguu kwa polipropilini, plastiki ileile ya ndoo na viti. Haiogopi maji, huyeyushwa na kutumika tena, na vipuri vyake ni nafuu mara nyingi kuliko vya soko la Ulaya. India nayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ina mguu wa Jaipur, uliobuniwa na fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi ili mtu aweze kuchuchumaa na kutembea shambani pekupeku.

Basi kama mguu wa bei nafuu upo, kwa nini watu bado wanatembelea magongo? Ni kwa sababu yule fundi wa soketi ni haba. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2017 vinataka mafundi 5 hadi 10 waliosomea kazi hii kwa kila watu milioni moja. Tanzania, kwa sensa ya 2022 iliyohesabu watu milioni 61.7, inahitaji basi kati ya 300 na 600. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha mafundi hawa tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Ni hazina kubwa, lakini chuo peke yake hakiwezi kuajiri wahitimu wake. Wala mashine haitawaondoa. Uganda, hospitali ya CoRSU imejaribu kuskani kigutu na kuchapisha soketi kwa printa ya 3D. Kazi ya plasta hupungua, lakini jicho linalotambua kwamba mgonjwa anaegemea upande mmoja bado ni la fundi.

Tusisahau pia vifaa visivyochukua nafasi ya kiungo bali hukishika kilichopo. Mtoto mmoja kati ya takriban 800 huzaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, mguu hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kijiti, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala mpaka afikishe miaka minne hivi. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo. Mzazi asiyeelezwa vizuri hukivua kwa huruma, na mguu hujikunja upya.

Sasa turudi kwenye swali. Mguu wa mtu mzima hudumu miaka mitatu hadi mitano. Mtoto hukua, hivyo huhitaji mpya kila baada ya miezi sita hadi kumi na mbili. Aliyekatwa mguu akiwa na miaka 6 atavaa miguu isiyopungua 12 kabla hajafikisha 18. Ongeza soketi ya kubadilisha kigutu kinaponywea, nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya wiki za mazoezi. Hiyo ndiyo bei ya kweli, na hakuna familia ya mkulima au dereva wa bodaboda itakayoimudu peke yake. Kwa hiyo nchi zetu zinapopanga vitita vya bima ya afya kwa wote, mguu bandia uandikwe humo pamoja na marekebisho yake, si kipande cha plastiki peke yake.

Na wewe uliyeniuliza bei, uliza na haya kabla hujalipa: soketi ikinichubua nani ataitengeneza, kwa gharama ya nani, na yuko umbali gani na kwangu? Ukikosa majibu, mguu huo ni ghali hata ukipewa bure.