Waya wa Sauti na Kazi Yake

Kila mtu aliyepata kununua televisheni kubwa na spika za kufuatana nayo anaijua saa ile ambayo, akiwa amekwisha kuhesabu fedha zake na kupokea stakabadhi, muuzaji humgeukia kwa upole na kumwuliza kama nyaya anazo. Naye akijibu kuwa zimo ndani ya boksi, huonyeshwa nyingine zilizovikwa nguo ya kusukwa, zenye vichwa vinavyong'aa kwa dhahabu, ambazo bei yake inaikaribia nusu ya bei ya spika zenyewe. Hapo mnunuzi husimama baina ya hofu mbili, ya kuonekana bahili mbele za watu na ya kughuriwa peupe, na aghalabu hofu ya kwanza hushinda.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufunga vyombo vya sauti majumbani, swali la nyaya nimeulizwa mara nyingi kuliko swali jingine lolote. Asili ya jawabu langu ni moja: waya hauna sauti yake. Waya ni mjumbe, na sifa ya mjumbe ni kufikisha maneno kama alivyokabidhiwa, pasipo kuyapunguza wala kuyatia yake. Basi kabla ya kuuliza waya upi ulio bora, sharti tuulize ni ujumbe gani utakaopita ndani yake, kwa maana nyaya za sebuleni hupitisha jumbe za namna tatu: umeme wenye nguvu uendao kuisukuma spika, umeme dhaifu utokao katika chombo kimoja kwenda kukuzwa katika kingine, na hesabu tupu za sifuri na moja ambazo bado hazijawa sauti.

Nianze na waya wa spika, kwa kuwa ndio unaostahili fedha kuliko wenziwe na ndio unaodharauliwa zaidi. Kila waya huuzuia umeme kidogo unapopita, na uzuizi huo, ambao wataalamu huuita ukinzani, hupimwa kwa omu, kwa kumbukumbu ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Spika nayo ina ukinzani wake, ambao aghalabu huandikwa mgongoni: 8, 6 au 4. Kanuni ninayoifuata, nayo ni ya mafundi wengi, ni kwamba ukinzani wa waya mzima, kwenda na kurudi, usizidi sehemu moja katika ishirini ya ukinzani wa spika. Ukizidi, nguvu hupotea njiani. Na kwa sababu ukinzani wa spika haubaki mmoja, bali hupanda na kushuka kadiri sauti inavyokuwa nzito au nyembamba, upotevu huo nao haulingani, basi sauti nyingine hufika pungufu kuliko nyingine.

Tufanye hesabu. Chukua sebule ambamo waya wa kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye spika una urefu wa mita 10, maana yake umeme hutembea mita 20 kwa jumla. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, jamaa ya ule mwembamba unaotiwa bure ndani ya boksi, utakuwa na ukinzani wa karibu omu 0.7, nao ni zaidi ya sehemu 8 katika mia ya spika ya omu 8: haufai. Waya wa 1.5 una omu 0.23, unaitosha spika ya omu 8 lakini kwa spika ya omu 4 wavuka mpaka kidogo, wa 2.5 hushuka hadi omu 0.14 na kuzitosha zote mbili. Msomaji aliyepata kujenga nyumba atazitambua namba hizi, maana ndizo anazozitumia fundi umeme, moja nukta tano kwa taa na mbili nukta tano kwa soketi. Spika haijui kama waya wake ulinunuliwa duka la umeme au duka la muziki. Chagua tu ule laini wa nyuzi nyingi ndogondogo, nao si kwa utamu wa sauti bali kwa wepesi wa kuukunja kwenye pembe za ukuta. Na ikiwa spika ziko umbali wa mita 3 au 4, hata 0.75 hauna lawama.

Lakini sharti iwe shaba kweli. Nilipata kununua roli moja, mahali nisipopataja, la waya mnene mwekundu na mweusi ulioandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni wa shaba, nikaubeba begani nikistaajabia wepesi wake, na wepesi huo ungalinitosha kuwa onyo lau kama sikuwa na haraka. Nyumbani niliumenya, nikaukwangua kwa ncha ya kisu, na chini ya wekundu ule ukatokea weupe: alumini iliyovishwa kanzu ya shaba. Waya wa namna hiyo si haramu, ila ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya ukinzani wa shaba, tena nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa mara kwa mara, basi aununuaye sharti auchukue mnene zaidi na kwa bei ya chini. Tangu siku ile kisu kidogo hakitoki mfukoni mwangu, na muuzaji asiyekubali uzi mmoja ukwanguliwe mbele yake nimekwisha kumjua.

Ama fedha na dhahabu, hapa pana ghururi nyingi. Fedha huupitisha umeme kuliko shaba, lakini kwa takriban sehemu sita tu katika mia, tofauti ambayo mtu aweza kuifidia kwa kununua waya wa shaba ulionenepa kidogo. Dhahabu iko nyuma ya shaba kabisa. Fadhila ya dhahabu ni nyingine, nayo ni kubwa kwetu sisi tukaao pwani: haishiki kutu. Katika nyumba inayopulizwa na upepo wa chumvi, shaba iliyoachwa wazi huwa nyeusi kisha kijani, na pale inapogusana na chombo sauti huanza kukwaruza, hukatika, hurudi ukigonga meza. Kwa hiyo utando mwembamba wa dhahabu kwenye vichwa vya nyaya ni mali halali, wala haugharimu mengi. Afadhali zaidi ni kukata ncha za waya wa spika kila baada ya miaka michache, kuzimenya upya na kuzikaza. Kazi hiyo ya nusu saa imeziponya spika nyingi zilizokwisha kuhukumiwa mbovu.

Wapo watakaosema masikio yao husikia nisiyoyasikia. Sibishani nao, ila mwaka 2007 Mmarekani James Randi, aliyekuwa mchezaji wa mazingaombwe kabla ya kuwa mfichuaji wa madai yasiyo na ushahidi, aliahidi dola milioni moja kwa yeyote atakayezitambua, kwa kusikia tu, nyaya za spika za dola 7,250 zilipolinganishwa na za kawaida, na fedha zile hazikupata mwenyewe.

Jambo lililo bure, na ambalo hulikuta limekosewa mara nyingi kuliko unene wa waya, ni mwelekeo wake. Waya wa spika una pande mbili, na mmojawapo huwa na rangi, mstari au maandishi ili utambulike. Ukiufunga kwenye alama ya kujumlisha kwa spika ya kulia, na kwenye alama ya kutoa kwa spika ya kushoto, spika moja itasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi itatoweka katikati yao hali kila moja, ikipigwa peke yake, ni nzima.

Namna ya pili, umeme dhaifu, hupita katika nyaya zenye vichwa vyekundu na vyeupe, vyekundu vikiwa vya kulia. Hapa unene si hoja. Hoja ni wavu wa shaba unaouzunguka uzi wa ndani kuukinga na uchafu wa umeme uliopo hewani. Usiulaze waya huu sambamba na waya wa umeme wa ukutani, na zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo spika zake zilivuma mfululizo, mvumo mzito wa umeme wetu uzungukao mara 50 kwa sekunde, na mwenyewe alikuwa amekwisha kununua jozi tatu za nyaya, kila moja ghali kuliko iliyoitangulia. Tulipouchomoa waya wa dishi nyuma ya televisheni, ukimya ukaingia sebuleni. Televisheni ilikuwa na njia ya ardhi kupitia dishi, na amplifaya ilikuwa na yake kupitia soketi ya ukuta wa pili, na baina ya ardhi hizo mbili umeme ulikuwa ukizunguka kupitia waya wa sauti. Dawa ikawa kuviweka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja na kuunganisha sauti kwa waya wa mwanga, upitishao sauti kwa mwanga badala ya umeme. Wako mafundi wanaoutibu mvumo kwa kuukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Hao usiwaruhusu, kwa kuwa waya ule ndio unaokuokoa chombo kikivuja umeme.

Hesabu za sifuri na moja hazihitaji maneno mengi, kwa sababu hufika kamili au huharibika dhahiri: picha hutawanyika, sauti hukatika. Waya wa HDMI wa bei ndogo ukifikisha picha na sauti bila kukatika, wa bei kubwa hautaongeza kitu. Waya wa mwanga, uliotokana na Toshiba mwaka 1983, haupitishi mvumo wowote, ila njia yake ni nyembamba. Huchukua sauti ya spika mbili, au ya 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, iliyobanwa, na hauwezi zaidi. Atakaye zaidi atumie HDMI, na achomeke katika tundu la televisheni lililoandikwa ARC au eARC, yaani njia ya kurudishia sauti, si jingine lolote. ARC ilianza mwaka 2009 na eARC, iliyo pana zaidi, mwaka 2017. Tena waya wa mwanga mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake, ambavyo watu husahau kuviondoa, wakaniita.

Basi, msomaji, kabla ya kwenda dukani chukua kamba, uipitishe njia ile ile utakayoupitishia waya, nyuma ya kabati na juu ya mlango, uipime, uongeze mita moja, kisha uandike pembeni ile namba ya omu iliyo mgongoni mwa spika zako.