KUFUGA BATA: MAELEZO KWA MTU AANZAYE

Mtu atakaye kufuga bata, naye tangu utoto amezoea kuku, yampasa kujua jambo moja kabla ya kutoa fedha yake: bata si kuku mwenye mdomo mpana. Katika ziara zangu nimeitwa mara nyingi kutazama vifaranga kumi waliolala hai jioni, wakakutwa wote wamekufa alfajiri, na mwenyewe akidhani amerogwa. Mara nyingi waliowaua ni maji na baridi.

Anza na bata yule aonekanaye sana vijijini, mwenye nyama nyekundu kuzunguka macho, ambaye dume lake halipigi kelele bali hutoa pumzi kama nyoka. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Nunua dume mmoja na majike wanne au watano, wasiwe ndugu. Nampendelea huyu kwa sababu jike hulalia mayai yake mwenyewe kwa saburi, siku 35. Bata weupe waitwao Pekin huanguliwa kwa siku 28, lakini wengi wao hawapendi kulalia. Ukiwachanganya aina hizi mbili utapata watoto wakubwa wenye nyama nzuri, ila hawatazaa, kama nyumbu asivyozaa.

Nyumba yao haihitaji gharama. Iwe na sakafu kavu yenye nyasi au makapi ya mpunga, hewa ipite juu, na kuta zizuie kicheche na nguchiro. Siafu pia ni adui mkubwa. Tazama njia zao kila jioni. Usiwalaze pamoja na kuku, kwa kuwa bata hulowesha sakafu, na kuku huugua penye unyevu.

Sasa habari ya maji. Kifaranga wa bata amevaa malaika tu, yaani manyoya laini ya utotoni. Akilelewa na mama yake, hupata mafuta kutoka manyoya ya mama, nayo humkinga asilowe upesi. Aliyeanguliwa chini ya kuku hana mafuta hayo. Akiingia majini hulowa mpaka ngozini, hupatwa na baridi, na kufa. Basi, asiye na mama wa bata asipelekwe mtoni wala kwenye dimbwi mpaka manyoya ya kweli yaote kifuani na tumboni.

Lakini usije ukamnyima maji ya kunywa! Bata humeza chakula kwa msaada wa maji, na akila pumba kavu bila maji hukabwa. Tena husafisha pua na macho kwa kuchovya kichwa. Kwa hiyo twaa sahani yenye kina cha vidole viwili, uweke mawe safi katikati, ili mdomo upite lakini mwili usiingie. Badili maji asubuhi na jioni, na uondoe nyasi zilizolowa. Watu humwita bata mchafu. Mimi huona kwamba mchafu ni yule asiyemwaga maji ya jana.

Vifaranga wasio na mama wahitaji joto pia. Wakirundikana pamoja wakilia, wanaona baridi; wakitawanyika mbali na moto huku wakihema, joto limezidi.

Katika chakula kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mahindi au karanga zikiota kuvu, watu husema, "Wapeni bata." Wasipewe kamwe. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye sumukuvu, na wataalamu walipochunguza waliona kwamba kifaranga wa bata hudhurika upesi mno, hata wakamtumia kuipima sumu ile. Kupika hakuiondoi. Wape nafaka safi iliyosagwa, na kila siku changanya dagaa waliopondwa, wasio na chumvi, pamoja na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Mahindi matupu hayatoshi: kifaranga wa bata huhitaji vitamini iitwayo niasini kuliko kifaranga wa kuku, na akiikosa miguu hupinda asiweze kutembea. Wakikua watajitafutia konokono na wadudu, ila wasiingie katika mpunga uliopandwa karibuni wala shamba lililopigwa dawa.

Bata huugua kideri kwa nadra, lakini aweza kuwaletea kuku wako. Basi kuku wachanjwe. Ukiona ndege wengi wanakufa ghafla, usiwachinje wala usiwauze. Mpashe habari afisa wa mifugo siku ile ile.

Majike wakianza kutaga, usiwafungulie kabla ya saa tatu asubuhi. Wengi hutaga alfajiri, na ukiwatoa mapema mayai yako yatakuwa ya kenge.