Je, Wajua? Chuma Kililia Webuye Kabla ya Reli

Agosti ya kila mwaka wa shufwa, barabara za Webuye na Bungoma hujaa mlio wa chuma. Ni chinyimba, kengele ambazo kijana wa Kibukusu anayeelekea jandoni huzigonga kwenye vikuku vya mikononi akienda kualika jamaa, mjomba akiwamo.

Ufundi wa chuma haukuja na reli, iliyopita Webuye miaka ya 1920. Huko Buhaya, mkoani Kagera nchini Tanzania, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za karibu miaka 2,000. Mhunzi alipakia mawe yenye madini pamoja na makaa, kisha akavukuta hewa kupitia mirija ya udongo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini yeye hakuhitaji kufika huko: takataka za mawe ziliyeyuka zikatiririka, kikabaki kibonge cha kufuliwa kwa nyundo. Na hayo yote bila kipimajoto!

Kutoka kwenye vibonge kama hivyo yalitoka majembe, visu na mikuki. Mwaka 1895, katika boma la Chetambe juu ya Webuye, mikuki ya Wabukusu ilikabiliana na bunduki za Waingereza.