Kabati la Nguo la Vipande Likifika Dakawa: Kwa Nini Kuliunganisha ni Kazi ya Fundi Mwenye Ujuzi

Mji mdogo wa Dakawa, wilayani Mvomero, uko kando ya barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, na bidhaa iliyonunuliwa Kariakoo asubuhi inaweza kushushwa hapo kabla ya jua kuzama. Miongoni mwa bidhaa zinazosafiri kwa njia hiyo ni makabati ya nguo yanayouzwa yakiwa vipande ndani ya maboksi bapa. Mnunuzi, awe mkulima aliyeuza mpunga wake au mwalimu aliyejibana kwa miezi kadhaa, hupokea maboksi mawili au matatu mazito, mfuko wa skrubu na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja la Kiswahili. Kuanzia hapo, fedha yake iko mikononi mwa atakayeyaunganisha.

Wengi hudhani kazi hiyo haihitaji zaidi ya bisibisi na jioni moja yenye nafasi. Wengine humwita fundi seremala wa mtaani, kwa hoja kwamba aliyetengeneza milango na vitanda hawezi kushindwa na mbao zilizokwisha kukatwa na kutobolewa kiwandani. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Seremala anajua vipimo na pembe, lakini zana na mazoea yake yamejengwa juu ya mbao halisi, na kabati la vipande kwa kawaida si mbao halisi.

Sehemu kubwa ya makabati hayo ni ya chipbodi au MDF. Chipbodi hutengenezwa kwa chembe za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto na shinikizo kubwa, kisha zikafunikwa kwa karatasi ngumu yenye sura ya mbao. Katika mninga au mtiki, skrubu hushikwa na nyuzinyuzi ndefu za mti wenyewe. Ikilegea hukazwa, na ikiharibu tundu, seremala hutoboa jingine pembeni. Katika chipbodi, skrubu hushikwa na chembe zilizogandishwa kwa gundi. Ikikazwa kupita kiasi, au ikitolewa na kurudishwa mara kadhaa, chembe husagika na tundu hubaki na unga mtupu. Hapo hakuna pembeni pa kutoboa, kwa kuwa kila tundu limepangwa kiwandani likutane na pini ya kipande kingine. Kwa sababu hiyo drili ya umeme, ambayo seremala huitegemea, ndiyo inayoharibu makabati mengi. Mikazo ya mwisho hufanywa kwa mkono.

Vivyo hivyo kwa kile kifungo kidogo cha duara kinachoingizwa ndani ya ubao na kuzungushwa nusu mzunguko ili kivute kichwa cha pini ya kipande cha pili. Kikizungushwa kabla pini haijaingia yote, huonekana kimeshika, na kabati husimama siku hiyo bila tatizo. Kasoro hujitokeza wiki kadhaa baadaye, nguo zinapokuwa zimejaa na rafu imeanza kuachana na ukuta wa kabati.

Wazo la kusafirisha samani zikiwa vipande si geni. Kiti Namba 14 cha mtengenezaji Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa na vipande 6 tu vya mbao, na viti 36 vilivyofunguliwa viliweza kuingia ndani ya kreti la mita moja ya ujazo. Mwaka 1956 kampuni ya IKEA ya Sweden ilianza kuuza samani bapa ambazo mteja huziunganisha mwenyewe. Faida ni ileile tangu mwanzo, yaani nafasi kwenye chombo cha usafiri. Gharama iliyookolewa njiani, hata hivyo, huhamishiwa nyumbani kwa mnunuzi kwa sura ya kazi ambayo haijakamilika, na bei ya dukani haionyeshi hilo.

Fundi anayeielewa kazi hii huanza kwa kuhesabu. Maboksi hufunguliwa mbele ya mwenye mali, ikiwezekana kabla aliyeyasafirisha hajaondoka, kisha kila ubao, pini na bawaba hulinganishwa na orodha iliyo kwenye karatasi. Pembe za maboksi ndizo hupigwa zaidi njiani, na ubao uliobonyea pembe hauna dawa. Kasoro ikionekana kabla ya skrubu ya kwanza, mnunuzi ana la kumwambia muuzaji. Ikionekana baada ya kazi kuanza, kila upande utamnyooshea mwenzake kidole.

Hatua ya pili ni chumba chenyewe. Makabati mengi huunganishwa yakiwa yamelazwa chini na kisha huinuliwa, na hapo ndipo hesabu ndogo huwaumbua wengi. Kabati lenye kimo cha sentimita 240 na kina cha sentimita 60 halihitaji dari la sentimita 240 ili liinuke. Linahitaji sentimita 247 na ushee, kwa kuwa wakati wa kuinuliwa kona yake hupita juu kuliko kimo chake. Chumba chenye dari la sentimita 245 kitalikataa, na kabati lililokwisha kufungwa litalazimika kufunguliwa, pamoja na hasara ya matundu iliyokwisha kuelezwa. Kwa chumba cha namna hiyo fundi huliunganisha likiwa limesimama tangu mwanzo, kazi inayohitaji watu wawili.

Kabla ya kupigilia ubao mwembamba wa mgongoni, ambao mara nyingi ni hadibodi, fundi hupima kutoka kona hadi kona kwa njia mbili. Vipimo viwili vikilingana, kabati liko katika pembe mraba. Visipolingana, hulisukuma taratibu hadi vilingane, ndipo misumari hupigwa. Ubao huo huchukuliwa na wengi kuwa pambo la kuziba nyuma, na wapo wanaouacha kabisa ili waya wa umeme upite. Kwa kweli ndio unaozuia kabati lisiyumbe na kulala upande. Milango inayosuguana mara nyingi haina kosa lolote, bali mgongo ulipigiliwa kabati likiwa limepinda, au sakafu ya saruji haiko sawa na hakuna aliyeweka pimamaji. Sakafu husawazishwa kwanza kwa vipande vyembamba chini ya miguu, na skrubu za bawaba huguswa mwisho.

Lipo jambo moja ambalo mwenye nyumba hapaswi kulisamehe hata kama fundi ana haraka: kulifunga kabati ukutani. Kabati refu lenye milango iliyofunguliwa au droo zilizovutwa huwa na uzito mbele, na mtoto akipanda juu ya droo linaweza kumwangukia. Mwaka 2016 IKEA ilitangaza nchini Marekani kurejeshwa kwa makabati ya droo takriban milioni 29 kutokana na vifo vya watoto walioangukiwa, na wateja walipewa hiari ya kurudishiwa fedha au kupatiwa vifaa vya kuyafunga ukutani. Vyuma vidogo vya pembe vinavyotumika kwa kazi hiyo mara nyingi vimo kwenye mfuko wa skrubu, navyo ndivyo hubaki mfukoni kazi inapoisha. Ukuta wa tofali za saruji hutobolewa kwa drili na kuwekwa plagi ya plastiki ndipo skrubu ikazwe. Ukuta wa tofali za udongo au wa miti na udongo haushiki plagi ipasavyo, na hapo fundi hutafuta nguzo au boriti ya kufungia, au humshauri mwenye nyumba anunue kabati fupi.

Maji ni adui mwingine. Dakawa iko katika bonde la mto Wami, katika ukanda wa mashamba ya umwagiliaji, na wakazi wa Dumila na Magole, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo, wanayakumbuka mafuriko ya Januari 2014. Haihitaji mafuriko, hata hivyo, kuliharibu kabati la chipbodi, kwa sababu maji ya kupigia deki yanayoingia kwenye ukingo wa chini hutosha kuuvimbisha ubao, nao haurudi ulivyokuwa. Fundi makini huliinua kabati juu ya miguu, huacha nafasi ndogo kati yake na ukuta, na huhakikisha kingo za chini zimezibwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Mvomero, wilaya yenye Shamba la Miti la Mtibwa linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na linalojulikana kwa mtiki, inunue ubao wa chembe kutoka mbali. Swali ni la haki. Kabati la mtiki lililotengenezwa vizuri huweza kurithiwa. Lakini bei yake hairuhusu kila mtu, na uamuzi huo ni wa mwenye mfuko.

Kwa fundi wa Dakawa, hii ni kazi ya ziada isiyomwondoa kwenye useremala wake. Eneo hilo lina historia ya ufundi: kituo cha maendeleo cha Dakawa, kilichojengwa na wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini miaka ya 1980 na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, kilikuwa na mafunzo ya ufundi, na Mazimbu, kituo pacha karibu na Morogoro mjini, kilikuwa na kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini. Leo Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina chuo Dakawa. Fundi aliyejifunzia kazi mtaani anaweza pia kuomba ujuzi wake urasimishwe kupitia utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo hupimwa akiwa kazini, huongezewa mafunzo pale anapopungukiwa na hupewa cheti. Useremala ni miongoni mwa fani zilizomo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyohitaji zana vinaweza kuuliza halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa kwa asilimia 4, 4 na 2.

Mnunuzi naye analindwa na sheria. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko yao. Muuzaji aliyetangaza kabati la mbao na kuleta la chipbodi anaweza kulalamikiwa. Ushahidi wa kwanza ni risiti ya mashine ya kielektroniki, kisha picha za maboksi kabla hayajafunguliwa. Kwa upande wa fundi, mapatano ya bei yafanyike kabla ya kazi, na yataje wazi kama kufunga ukutani na kurudi kusawazisha milango baada ya wiki chache vimo ndani ya bei hiyo. Malipo yakikamilishwa baada ya milango kufunguliwa na kufungwa mbele ya mwenye nyumba, ubishi hupungua.

Watumishi wa umma, ambao barua ya uhamisho huweza kuwafikia wakati wowote, wana sababu zaidi ya kuitunza ile karatasi ya michoro. Kabati likifunguliwa kwa fujo, matundu yake hayatashika tena Kilosa au Gairo. Fundi mzuri hufungua kwa mpangilio uleule kinyume, huanza na milango, huacha mgongo uondoke kabla ya ubavu, huandika namba kwa penseli upande wa ndani wa kila ubao, na hufunga skrubu za kila sehemu katika kifuko chake, kilichobandikwa kwenye kipande kilikotoka.